Kuhama Jiji Kwenda Nyumba Chakavu ya Msituni: Tuanze na Haki Kabla ya Paa

Ndugu zetu Waislamu, liko jambo ambalo siku hizi linazungumzwa sana katika vibaraza vya misikiti yetu hapa Dar es Salaam baada ya swala ya Isha, nasi tumeona si vyema kulinyamazia. Ni azma ya baadhi ya ndugu zetu, wengi wao wakiwa vijana wenye familia, ya kuliacha jiji na kwenda kuishi katika nyumba za wazee wao zilizobaki huko milimani pembezoni mwa misitu. Huyu ana nyumba ya marehemu baba yake juu ya Muheza, njia ya kwendea Amani. Yule ana ya babu yake upande wa Maramba. Nyumba zenyewe ni chakavu: bati limeoza, kiambaza kimebomoka upande mmoja, mlango umefungwa kwa kamba, na mgomba umeota mahali palipokuwa jiko. Lakini mwenye azma haoni hayo. Anaona kivuli, maji ya mtoni, kimya, na mwisho wa kodi.

Sababu zao tunazielewa. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu katika mkoa wa Dar es Salaam watu wapatao milioni 2.5, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Ni zaidi ya mara mbili katika kipindi cha miaka 20, na anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto alfajiri kuwahi kazini hahitaji kusomewa takwimu hizo, kwani anazisoma kwa mbavu zake ndani ya daladala. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Watoto wanne wanalala chumba kimoja. Mtu wa namna hii anapoletewa kwenye simu yake picha ya nyumba ya baba yake, imezungukwa na miiliki na ukungu wa asubuhi, moyo wake hutoka mahali pake, na hatumlaumu.

Tuuweke wazi msimamo wetu tangu mapema, ili msomaji asije akadhani kuwa tunawavunja watu moyo. Hatupingi kuhama. Tunachopinga ni mahali ambapo watu wanaanzia. Wengi wanaanza na fundi. Wanapima paa, wanahesabu mabati, wanakopa, wanapakia vitu kwenye Fuso, na suala la nyumba hiyo ni ya nani linakuja kuulizwa baadaye, tena mahakamani au barazani kwa kadhi. Sisi tunasema kazi ya kwanza ya kuikarabati nyumba hiyo hufanyika mjini, kabla hata mtu hajanunua misumari, nayo ni kuwakutanisha wenye haki.

Lakini kwanza tuseme neno kuhusu hoja inayotolewa na baadhi ya ndugu zetu, kwamba kuukimbia mji ni katika mwenendo wa wema waliotangulia. Wanamtaja Imam Ghazali aliyeiacha Baghdad mwaka 488 Hijria, sawa na 1095 Miladia, akaacha na cheo chake katika Madrasa ya Nidhamiya. Wanamtaja Ibn Khaldun aliyejitenga mwaka 1375 katika ngome ya Banu Salama, katika nchi inayoitwa leo Algeria, akaandika humo Muqaddima yake. Ni kweli, na sisi tulipokuwa tukivisoma vitabu vyao katika masomo yetu tulivutwa na habari hizo kama mwanafunzi mwingine yeyote. Ila habari haisomwi nusu. Ghazali mwenyewe ameeleza kuwa kabla ya kuondoka aligawa mali yake akabakisha ya kuwatosha watoto wake, na kwamba baadaye wito wa hao watoto ndio uliomvuta kurudi kwao. Na katika Ihyaa ametenga kitabu kizima kuhusu adabu za kujitenga, ambamo ameorodhesha faida za kujitenga kisha akaorodhesha faida za kuchanganyika na watu zinazomkosa aliyejitenga, wala hakumpa kila mtu fatwa moja. Ama Ibn Khaldun, yeye hakwenda porini peke yake na kopo la maji. Alikwenda kwa hifadhi ya kabila lililomkaribisha, na familia yake ikawa pamoja naye, akakaa takriban miaka minne, kisha akarudi Tunis mwaka 1378 kwa kuwa kazi yake ilihitaji vitabu visivyopatikana isipokuwa katika miji mikubwa. Tazama hapo: mwenyeji, familia, na sababu ya kurudi. Wanaomtaja katika vibaraza vyetu huishia kwenye ngome.

Sasa tuingie katika kiini cha maneno yetu.

Nyumba ya marehemu si nyumba ya yule aliyeikumbuka kwanza. Tuchukue mfano mwepesi kabisa. Mzee amefariki, ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, na hakuna mrithi mwingine. Mke ana thumni, yaani moja ya nane. Saba zilizobaki wanagawana watoto, mwanamume akipata sehemu ya wanawake wawili. Kwa hiyo kila mtoto wa kiume ana mbili katika nane, na kila binti ana moja katika nane. Huyu ndugu yetu anayesema “nyumba ya baba yangu” anamiliki robo ya nyumba hiyo. Robo tatu si zake. Anamiliki robo ya mlango, robo ya kisima na robo ya mwembe ulio uwanjani. Na kama mama naye amefariki baada ya baba, na dada mmoja akafariki akiacha mume na watoto, hesabu inaingia katika mlango ambao wanafunzi wetu wa faraidh wanauogopa kuliko milango yote, nao ni munasakha, ambapo mirathi moja inaingia ndani ya nyingine kabla ya kugawanywa. Zipo nyumba huko milimani ambazo zina wenye haki 30, na kati yao hakuna hata mmoja anayejua kuwa wapo 30.

Watu husema, “Lakini wengine wote hawaitaki, wameiacha ioze.” Hoja hii tumeisikia mara nyingi, na tunaiona kuwa ndiyo hatari kuliko zote kwa sababu inafanana na ukweli. Kutokuikarabati si kuisamehe. Dada aliyeolewa Morogoro, ambaye hajapanda mlima ule miaka 15, hajatoa haki yake kwa kutopanda kwake. Wapo pia wanaojificha nyuma ya mlango wa fikihi uitwao ihyaa al-mawaat, yaani kuhuisha ardhi iliyokufa, ambao ndani yake Imam Abu Hanifa ameshurutisha idhini ya mtawala, na Imam Shafii hakuishurutisha. Hitilafu hiyo ni mashuhuri. Lakini inahusu ardhi ambayo haikumilikiwa na Mwislamu wala haikuwahi kustawishwa. Katika madhehebu tunayoyafuata wengi wetu katika pwani hii, nyumba iliyojengwa na mtu anayejulikana hata ikawa gofu hubaki kuwa ya mtu huyo, na akifa ni ya warithi wake. Mgomba kuota jikoni hakuligeuzi jiko la marehemu kuwa pori.

Tena jambo la kukarabati mali ya ushirika wanazuoni wetu wamelizungumza kwa undani unaoshangaza. Katika mlango wa sulhu ndani ya Minhaj ya Imam Nawawi umetolewa mfano wa ukuta wa watu wawili ulioanguka. Kauli mpya ya Imam Shafii ni kuwa mmoja hana uwezo wa kumlazimisha mwenzake kuujenga. Akitaka kuujenga upya kwa vifaa vyake mwenyewe hakatazwi, na kilichojengwa kwa vifaa hivyo kinakuwa chake. Lakini wakishirikiana kuujenga kwa yale mawe na vifusi vya zamani, ukuta unarudi kuwa wa ushirika kama ulivyokuwa. Uhamishe mfano huo kwenye nyumba yako ya Muheza: mabati mapya uliyonunua Kariakoo ni yako, na kiambaza kinachoyabeba ni cha wote. Je, utakaa juu ya mali ya nani? Na iwapo umeingia na kukaa bila ya ridhaa yao, wana njia ya kukudai ujira wa sehemu zao kwa muda wote uliokaa. Mtu aliyekimbia kodi ya Mbagala anajikuta anadaiwa kodi na dada zake.

Hili halikuwa jambo la vitabuni tu. Mzazi mmoja wa wanafunzi wetu aliuza pikipiki yake na kuweka akiba yake yote katika nyumba ya baba yake huko juu: mabati, kenchi, milango miwili na choo. Nyumba iliposimama na kupendeza, ndipo dada zake walipokuja. Tusiwadhanie vibaya. Hawakuja kwa husuda. Walikuwa na haki tangu siku ya mazishi, na nyumba ilipokuwa gofu hapakuwa na cha kugawana. Tuliitwa kusuluhisha. Ilituchukua vikao vinne, na jambo lililokuwa zito si hesabu ya fedha. Lililokuwa zito ni neno la dada mkubwa aliyesema kuwa kaka yake alimpigia simu kumuuliza rangi ya kupaka dirisha, na hakumpigia kuuliza kama ajenge. Mwishowe waliandikiana: yeye akae, gharama zake zihesabiwe, chumba cha upande wa msikiti kiwe cha dada zake wakati wowote wanapokuja, na siku nyumba itakapouzwa kila mmoja apewe sehemu yake baada ya kutolewa thamani ya mabati na kazi. Karatasi moja, mashahidi wawili, na sahihi za wote. Karatasi hiyo ingeweza kuandikwa miaka miwili kabla, katika kikao kimoja, kwa gharama ya chai.

Yupo mwenye haki wa pili ambaye hatajwi kabisa katika mipango hii, naye ni mtunzaji. Karibu kila nyumba ya namna hii ina mtu aliyeachiwa ufunguo: mzee wa jirani, mjane wa ukoo, au kijana aliyekuja kama kibarua wa iliki akabaki. Amelala humo miaka kumi. Ameziba bati kwa nailoni na kufukuza mchwa kwa majivu, amepanda migomba na michungwa, na amewazika watu wetu wakati sisi tukituma rambirambi kwa simu. Anapokuja mwenye nyumba kutoka Dar es Salaam na Fuso yake, mtu huyu anapewa siku tatu na shilingi za nauli. Tunasema bila kuficha kuwa hii ni dhulma. Mazao aliyoyapanda kwa idhini yana thamani yake, na kazi yake ya kuitunza nyumba, hata kama hapakuwa na mkataba wa maandishi, ilikuwa na malipo yanayojulikana kwa desturi ya mahali pale. Akae naye, amuulize, wahesabu pamoja. Zaidi ya hayo, mtunzaji ndiye anayejua maji yanaingilia wapi wakati wa masika, nguzo ipi imeliwa, na nyoka wanapita wapi. Anayemfukuza siku ya kwanza anaifukuza elimu ya nyumba yake.

Na wa tatu ni kijiji. Ardhi hizi nyingi ziko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, ambayo imeukabidhi usimamizi kwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mgao wake hupitia mkutano mkuu wa kijiji. Sheria hiyo inatambua haki miliki ya kimila hata pale ambapo hapana karatasi. Lakini pia inaruhusu ardhi isiyokaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka 5 kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, baada ya taarifa kutolewa kwa utaratibu wake. Kwa hiyo wapo ndugu zetu wanaosafiri na ndoto ya nyumba, na kumbe uwanja wake umekwisha kugawiwa mtu mwingine kihalali, na ameshapanda pilipili manga. Mtu aende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, aketi, asikilize. Asiende kama mtu wa mjini aliyekuja kuwazindua. Wenyeji wa milima ile wameshawaona wageni wengi, na kila aliyekuja alikuwa na mpango.

Wakiridhia wote hao, hapo ndipo tunapomruhusu fundi aingie. Sisi si mafundi, lakini tumekulia katika nyumba za kukandika na tumeziona zikifa, na zinakufa kwa mpangilio mmoja. Kwanza bati linatoboka. Maji yanashuka juu ya kiambaza, udongo unalainika na kuporomoka, fito zinabaki wazi kama mbavu. Chini, pale nguzo inapokutana na ardhi, ambapo huloa na kukauka na kuloa tena, mti unaoza kimyakimya, kisha mchwa wanamalizia. Amani inapata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, nayo Dar es Salaam hupata nusu yake au zaidi kidogo. Mahesabu ya nyumba ya Kigamboni hayafai huko.

Kwa hiyo mtu asidanganywe na ukuta uliosimama. Achukue kisu au bisibisi, achome kila nguzo pale chini ilipoingia ardhini. Kikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, nguzo hiyo imekwisha hata kama juu inang'aa. Kisha ayaondoe maji kabla ya kugusa kitu kingine: mtaro kuizunguka nyumba, na upenu mpana unaolitupa tone mbali na kiambaza. Halafu paa. Halafu nguzo, moja baada ya moja, huku nyumba ikiwa imeegemezwa. Kiambaza kije mwisho. Na hapa tuna neno na mafundi wa mjini, ambao wakiona udongo mkono wao unakwenda kwenye mfuko wa saruji. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo ni gauni la harusi juu ya maiti. Unyevu unafungiwa ndani, udongo unalainika usionekane, na baada ya masika mbili lipu inabanduka vipande vipande na kuondoka na nusu ya ukuta. Udongo ukandikwe kwa udongo, na anayetaka weupe apake chokaa, kama walivyofanya wazee wetu wa pwani ambao hawakuwa wajinga.

Vitabu navyo, kwa wale ndugu zetu walimu, visiwekwe kwenye kabati lililogusa ukuta. Ukungu wa milima ile unakula karatasi ya Beirut kwa msimu mmoja.

Kuhusu mbao hatuna budi kusema kwa ukali kidogo. Mtu anasimama mlangoni, anaiona miti mirefu hatua 50 kutoka kwake, anajiuliza kwa nini anunue nguzo. Jibu ni kuwa ile si miti yake. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali cha kuvuna katika misitu ya hifadhi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli zinazodhuru ndani ya mita 60 kutoka vyanzo vya maji. Wenyeji wenyewe wameulipia msitu huo kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 2000 wakulima wa iliki katika ukanda wa Derema waliachishwa mashamba yao ili vipande vya msitu viunganishwe, na suala la fidia likawa na mvutano wa muda mrefu. Aje mtu wa Dar es Salaam, akate nguzo tano usiku katika msitu ambao jirani yake ameupoteza shamba kwa ajili yake, kisha amtake jirani huyo amwitikie salamu! Wilaya hiyo hiyo ya Muheza ina shamba la mitiki la Longuza. Mti wa kupandwa, ulionunuliwa kwa risiti, ndio wa kusimamisha nyumba.

Wala si suala la sheria tu. Mto Zigi unatoka katika milima hiyo, na maji yake yanakusanywa katika bwawa la Mabayani na kunyweshwa watu wa Tanga mjini. Kila kinachofanyika ukingoni mwa mito ya huko juu kinafika kwenye ndoo za huko chini, zikiwemo za misikiti ambayo mhamaji huyu ataombewa dua. Choo kichimbwe mbali na kijito, upande wa chini wa nyumba, na hili ni la kufanywa kabla ya kuhamia.

Limebaki jambo ambalo wanaume hawalipendi. Katika mazungumzo yote tuliyoyasikia vibarazani, anayeitamani nyumba ya msituni ni mume. Yeye ndiye anayetaja kimya na hewa. Ukiuliza maji yanachotwa wapi, anasema mtoni. Ukiuliza nani atayachota, anatazama chini. Ukiuliza zahanati iko umbali gani kwa mjamzito, shule ya mtoto wa darasa la pili iko ng'ambo ya bonde lipi, na barabara inapitika mwezi wa Aprili au haipitiki, majibu yanakuwa mafupi. Kupumzika kwake yeye kumejengwa juu ya mgongo wa mwingine. Mke aliyeolewa mjini kwa makazi yanayojulikana, mwenye biashara yake ndogo ya vitumbua, majirani na mama yake karibu, anahamishiwa mahali ambapo hana hata mmoja wa kumwita usiku. Makazi ni katika haki zake juu ya mume, nayo ni makazi yanayomfaa mtu wa hali yake, si paa la aina yoyote. Na mara nyingi biashara hiyo ya vitumbua ndiyo iliyokuwa ikilipa ada za watoto, jambo ambalo mume hulikumbuka baada ya Fuso kuondoka.

Wapo watakaotujibu kuwa wanawake wa vijijini wanaishi hivyo na hawalalamiki. Hilo si kweli, wanalalamika sana, ila hatuketi nao. Mwanamke wa kijijini amezaliwa humo, ana dada zake watatu katika njia ya kwendea mtoni, na anazijua kuni zipi zinawaka zikiwa mbichi.

Kwa hiyo ushauri tunaowapa wanaotujia ni huu. Ukishamaliza ya warithi, ya mtunzaji na ya kijiji, nenda wewe peke yako ukakae huko masika moja nzima, kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei. Si wikiendi, wala si Januari wakati wa jua na machungwa. Lala chini ya paa hilo linapovuja, chota maji yako mwenyewe, pika, fua, panda na ushuke mlima kwa miguu siku gari lisipofika. Swali jamaa na watu wa pale ili wakujue kwa uso na si kwa jina la baba yako tu. Mkeo naye aje alale humo angalau wiki moja ya mvua kubwa kabla hajaulizwa. Ukirudi mwezi wa Juni, na yeye akisema yuko tayari, njooni msikitini mtuambie siku, nasi tutakuja kusaidia kupakia vitanda.